Mkate wa Mahindi wa Baba Linda

Dolphine Adero alitoka nyumbani kila Jumatatu hadi Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Kiwanda cha nguo kule Athi River kilikuwa kimempa zamu ya mapema. Alifunga leso yake, akamfunika Linda vizuri, kisha akamwambia mumewe maneno yale yale.

"Baba Linda, mtoto asiende shule na njaa."

"Si niko?" Makokha alijibu.

Na kweli alikuwako. Lakini kuwako ni jambo moja, na kupika ni jambo lingine. Makokha alikuwa fundi wa kuchomelea mageti hapa Noonkopir, Kitengela. Moto wa chuma aliujua vizuri sana. Moto wa yai ulimshinda. Mara mbili alivunja yai kwenye kikaango, akaenda kutafuta soksi ya Linda, akarudi akakuta limeungua, limekuwa mkaa. Tangu siku hiyo kikaango hakikushuka tena kwenye msumari wake. Mwezi mzima asubuhi ikawa ni chai, na kipande cha mkate kama kilibaki cha jana.

Linda alikuwa na miaka minane. Alikunywa chai yake, akavaa begi.

"Umeshiba, mama?" Makokha alimuuliza. Ndivyo alivyopenda kumwita binti yake.

"Nimeshiba, baba. Sina njaa hata kidogo."

Makokha aliamini. Binadamu ni mwepesi wa kuamini jambo linalompunguzia kazi.

Alhamisi moja, saa nne, simu yake ililia. Alikuwa kazini, ameinama juu ya geti ambalo halijakwisha. Aliyepiga alikuwa Teacher Evalyne, mwalimu wa darasa la Linda.

"Baba Linda, mtoto si mgonjwa, usishtuke. Lakini wiki hii amelala darasani mara tatu. Leo nimempa chapati yangu. Amekula yote."

"Lakini huwa ananiambia ameshiba!"

Mwalimu alishusha sauti.

"Nimemuuliza kwa nini hasemi nyumbani. Ameniambia, 'Baba anajaribu sana asubuhi. Sitaki kumsumbua.'"

Makokha alimshukuru mwalimu, akakata simu. Akaketi chini karibu na geti lake. Machozi yalimlenga, na si kwa sababu ya cheche za kuchomelea. Mtoto wa miaka minane alikuwa akimficha baba yake njaa ili baba asione haya. Makokha aliona haya kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Jioni aliitazama ile mashine iliyokuwa sebuleni, kando ya televisheni. Ilikuwa air fryer, mashine ya stima ya kupikia. Wanawake wa chama cha Dolphine, wanaochangiana kwa zamu, waliinunua, na zamu yake ilipofika ikaja nyumbani kwao mwezi wa kumi na mbili. Dolphine aliipenda mno. Aliifumia kitambaa cheupe chenye maua, kama kile cha televisheni na vile vya viti, akaifunika. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekula kitu kutoka ndani yake. Ilikaa pale kama mgeni wa heshima, inaangaliwa tu.

"Kesho utafanya kazi," Makokha aliiambia kimoyomoyo. Hakumwambia mke wake. Alitaka kwanza afaulu, halafu ajisifu.

Ijumaa asubuhi, Dolphine alipoondoka, Makokha alianza. Alijiambia kwamba hii ni mashine ya kukaanga. Na kukaanga, kama kila mtu ajuavyo, ni mafuta. Akamwaga mafuta ndani ya droo yake, karibu nusu chupa. Akavunja mayai mawili juu yake. Kile kitambaa alikikunja mbele tu. Nyuma alikiacha kining'inie, kwa sababu hakutaka kuharibu maua ya mke wake. Akaisukuma mashine hadi ukutani ili isianguke. Akazungusha kitufe cha moto hadi mwisho, nyuzi mia mbili. Kisha, kama kawaida yake, akaenda kutafuta soksi.

"Baba!" Linda alipiga kelele. "Baba, moshi!"

Makokha alikuja mbio. Sebule ilikuwa imejaa moshi. Alinyakua jagi la maji.

"Usimwage maji!" sauti ilisema mlangoni. "Hiyo ni stima na mafuta! Utajiua!"

Alikuwa Mama Sandra, jirani wa mlango wa pili. Huyu mama ni Mmaasai wa kule Illasit, na kazi yake ni upishi katika hoteli moja hapa mjini. Alimtoa Linda nje kwanza. Akazima swichi ya ukutani, akachomoa waya. Akakivuta kile kitambaa, kisha akafungua madirisha.

"Na usifungue hiyo droo," alimwambia Makokha. "Ukifungua sasa, hewa itaingia na mafuta yanaweza kushika moto. Tungoje ipoe."

Wakasimama mlangoni wakingoja. Moshi ulipungua, ukaisha. Hapo ndipo Mama Sandra alipotabasamu, akamsalimu kwa Kimaasai kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

"Sopa, Baba Linda."

"Ipa," Makokha aliitikia kwa sauti ndogo sana.

Mama Sandra alikwenda kwake, akarudi na kikombe cha maziwa na kipande kikubwa cha mkate wa mahindi. Akampa Linda. Mtoto alikula kwa pupa. Alikula mpaka makombo ya kiganjani. Makokha alikuwa akimtazama, na kwa mara ya kwanza akaona njaa ya binti yake ilikuwa kubwa kiasi gani.

"Mama Sandra," alisema, "nifundishe huo mkate."

"Kesho ni Jumamosi. Osha hiyo mashine. Tafuta mayai na unga. Maziwa ya mala, yale ya kuganda, nitaleta mwenyewe. Mimi nitakuja saa mbili."

Jioni hiyo Makokha alimweleza mkewe kila kitu. Simu ya mwalimu, mafuta, moshi, vyote. Alimwonyesha kitambaa. Kona moja ilikuwa imeungua, imekuwa kahawia.

Dolphine alikishika mkononi.

"Nilikifuma wiki tatu," alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Si kitambaa, Baba Linda. Mtoto amekaa na njaa mwezi mzima. Kwa nini hukuniambia kupika kumekushinda?"

"Unaamka saa kumi. Ningekwambia, ungeamka saa tisa."

Dolphine alijua ni kweli. Aliweka kichwa chake kwenye bega la mumewe, wakakaa hivyo muda mrefu. Baadaye alichukua makasi, akakata ile kona iliyoungua.

Jumamosi saa mbili Mama Sandra alifika, chupa ya mala mkononi. Dolphine alitaka kusaidia. Mama Sandra akamwambia aketi.

"Leo mwanafunzi ni mmoja tu. Baba Linda, kuja hapa. Unaona hizi tundu za nyuma?"

"Naziona."

"Ndani kuna waya wa moto na feni. Feni inazungusha hewa ya moto. Hiyo hewa ndiyo inapika, si mafuta. Halafu hewa inatokea hapa nyuma. Jana uliziba pua yake na kitambaa, ukamsukuma kwa ukuta. Wewe ungepumua?"

Dolphine aliinamisha kichwa. Kitambaa kilikuwa chake.

"Iweke mezani," Mama Sandra aliendelea. "Acha nafasi ya kiganja kizima nyuma na kando. Juu usiweke kitu. Na waya uchomeke ukutani. Usitumie ile extension ya televisheni, hii mashine inakula stima nyingi kwa mara moja."

"Na mafuta?"

"Ya kupaka tu. Haya, tuanze mkate."

Makokha alipima kama alivyoambiwa. Nusu kikombe cha unga wa mahindi. Nusu kikombe cha unga wa ngano. Kijiko kimoja cha chai cha baking powder. Kijiko kimoja kikubwa cha sukari, na chumvi kidogo. Katika bakuli lingine alipiga yai moja, akatia nusu kikombe cha mala na vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Akavichanganya vyote pamoja.

Hapo damu yake ya Kiluhya ikaamka. Makokha alipoona unga wa mahindi na mwiko, mkono wake ulikumbuka kwao. Akakunja shati. Akaanza kusonga. Alisonga kwa nguvu, akibana unga kwenye ukingo wa bakuli. Ulipoonekana laini, akaongeza unga mwingine. Mchanganyiko ukawa mgumu, mwiko ukasimama wenyewe.

"Baba Linda!" Mama Sandra alishika kiuno. "Unapika nini?"

Makokha alitazama bakuli.

"Ugali," alikubali.

Linda alicheka mpaka akaketi chini. Dolphine naye akacheka. Makokha alitaka kukasirika, lakini kicheko cha binti yake kilikuwa kitamu, akacheka pia.

"Ugali unataka nguvu," Mama Sandra alisema. "Huu unataka mkono mwepesi. Uwe kama uji mzito, umwagike wenyewe. Ukichanganyika tu, acha. Ukisonga, unakuwa jiwe."

Alianza upya. Safari hii alikoroga polepole, akaacha mapema. Alipaka mafuta kwenye kopo dogo la bati la kuokea keki, akamimina mpaka nusu tu, kwa sababu mkate huumuka. Waliwasha mashine kwanza dakika tatu ili ipate joto. Kisha kopo likaingia, moto nyuzi mia moja na sitini, dakika ishirini.

"Naweza kutumia bakuli ya plastiki?" Makokha aliuliza.

"Hapana, itayeyuka. Bati, au bakuli ya udongo ya kuokea. Na karatasi ya kuokea usiweke bila kitu juu yake, feni itairusha kwa moto. Na kopo usiguse na mkono mtupu."

Mashine ililia ting! Ikajizima yenyewe.

Makokha aliishangaa. "Imejizima?"

"Imejizima. Hata kama uko mbali unatafuta soksi."

Mama Sandra alimwonyesha kuchoma mkate katikati kwa kijiti safi. Kijiti kikitoka kikavu, umeiva. Kikitoka na unga, urudishe dakika tatu. Chake kilitoka kikavu.

Mkate ulipokuwa unapoa, walipika mayai. Makokha alipaka mafuta kidogo ndani ya vikopo viwili vya bati. Akavunja yai moja katika kila kikopo, akatia chumvi na nyanya iliyokatwakatwa. Moto ule ule, dakika nane.

"Ya mtoto iive hadi kiini," Mama Sandra alisema. "Ukiona kiini bado kinatetemeka, ongeza dakika mbili. Na baada ya kushika mayai mabichi, nawa mikono na sabuni."

Walikula pamoja wote. Mkate ulikuwa umepasuka kidogo juu. Makokha aliutazama kama anavyotazama geti jipya alilolichomelea mwenyewe.

Lakini Jumamosi si Jumatatu. Jumamosi hakuna kengele ya shule, na mwalimu wake wa mapishi yuko karibu. Makokha alijua mtihani wake bado.

Jumapili jioni alipima unga wake mkavu, akaufunika bakulini. Aliweka vikopo tayari. Dolphine alikuwa kitini, anafuma kitu kwa uzi wa manjano. Alipoulizwa ni nini, alisema, "Utaona."

Jumatatu Dolphine aliondoka kama kawaida. Ila siku hiyo hakusema yale maneno yake ya kila siku. Alimtazama tu mumewe, akafunga mlango polepole.

Makokha alinawa mikono. Alichanganya kwa mkono mwepesi. Mkate ukaingia, akamwamsha Linda. Mtoto alipokuwa akioga, mkate ulikuwa ukiiva. Ting! Kijiti kilitoka kikavu. Mayai yakaingia. Makokha akatafuta soksi, akaipata chini ya kiti, akamchana Linda nywele. Ting! Hakukuwa na moshi wowote.

Alipogeuka kutafuta kitu cha kufungia mkate usipoe, aliona kitambaa mezani. Kilikuwa kile cheupe chenye maua. Kona iliyoungua haikuwako, na ukingo wote ulikuwa umefumwa upya kwa uzi wa manjano. Chini yake kulikuwa na karatasi ndogo yenye mwandiko wa Dolphine: *Cha kufunika mkate. Mashine ipumue.*

Makokha alifunga mkate ndani yake, akauweka mbele ya binti yake pamoja na yai na kikombe cha chai ya maziwa. Hakula. Alikaa akimtazama.

Linda alikula yai. Akala kipande cha mkate. Akanywa chai. Kisha akachezea ukingo wa manjano.

"Umeshiba, mama?" Makokha aliuliza.

Linda alimwangalia baba yake usoni. Akasogeza sahani mbele.

"Hapana, baba," alisema. "Bado niko na njaa. Niongeze."

Makokha alifungua kitambaa, akamkatia kipande kikubwa. Katika mwezi ule wote, hakuna neno lililompendeza kama hilo.