Ushauri wa Emese kwa Wageni wa Budapest

Kila siku saa nane mchana, masomo yakiisha, Emese hakwenda nyumbani. Alipanda tramu vituo vitatu kando ya mto Danubi, akashuka mbele ya Bafu la Aranka na kusukuma mlango wake mzito wa mbao. Harufu ilimpokea palepale. Maji ya Budapest hutoka ardhini yakiwa moto tayari, nayo hunuka mayai viza. Wenyeji wameizoea hata hawaisikii tena. Wageni huziba pua mlangoni, kisha hulipa na kuingia.

Bibi yake, Bibi Piroska, alifanya kazi hapo ya kufungua na kufunga vijumba vya kubadilishia nguo. Shada la funguo lililia kiunoni mwake kila alipopita. Emese alikuwa na benchi lake karibu na bwawa la maji moto. Hapo alifanya kazi za shule na, tuseme ukweli, alichungulia watu. Na aliyoyaona, lo! Siku hiyo bwana mmoja aliketi ukingoni akikata kucha za miguu. Vipande viliruka huku na huku, kimoja kikatua majini. Mama mwingine alichana nywele, akazikusanya zilizobaki kwenye kitana, akazidondosha sakafuni bila hata kugeuka. Kijana mmoja alitoka msalani peku, mikono hajanawa, akajitumbukiza bwawani, chubwi!

Emese akasonya. "Kinyaa gani hiki! Huyu naye kwao hawana sabuni?"

Alikuwa na sababu ya kutazama. Mwalimu Ilka alikuwa amewapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kuandika karatasi ya ushauri kwa wageni wanaotembelea jiji lao. Karatasi itakayoshinda ingetundikwa mlangoni mwa Bafu la Aranka. Emese hakuwa na shaka kwamba ingekuwa yake. Nani mwingine aliyewajua wageni na uchafu wao kama yeye?

Alianza na mambo ya mjini. Gonga tiketi yako kwenye mashine kabla ya kushuka kwenda kwenye treni, usisubiri kukamatwa. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka. Kisha akafika kwenye mabafu, na hapo kalamu ikapata moto.

"Ushauri wa nne," alisoma kwa sauti. "Oga kabla ya kuingia bwawani. Kulowesha nywele si kuoga. Ushauri wa tano: Kwapa nalo ni sehemu ya mwili. Ushauri wa sita: Vaa ndala, hatutaki vidudu vya nchi yako. Ushauri wa saba: Kanyaga kidimbwi cha dawa, kimewekwa kwa ajili yako."

Zsombor, aliyekuwa akisoma darasa moja naye na ambaye mama yake aliuza tiketi hapo bafuni, alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwapa! Mwalimu atazimia!"

"Azimie. Kwani nimesema uongo?"

"Haya, na hicho kidimbwi wewe ulikikanyaga lini?"

"Mimi ni mgeni?" Emese alijibu, akabetua midomo.

Kidimbwi chenyewe kilikuwa mlangoni mwa bwawa, kina chake kikifika kwenye kifundo cha mguu, kimejaa dawa baridi ya kuua vijidudu. Kila mtu alitakiwa kukikanyaga. Lakini watoto wa bafuni, yaani watoto na wajukuu wa wafanyakazi, walikiruka. Ulikuwa mchezo wao tangu wakiwa wadogo: nani ataruka bila kugusa ukingo. Tena walipitia mlango wa nyuma, ule wa wafanyakazi, usiopita kwenye mabomba ya kuogea. Sheria zilikuwa za wageni. Wao walikuwa wa hapo.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo Emese hakumwambia mtu. Kwa wiki mbili mguu wake wa kulia ulikuwa ukimwasha kati ya vidole. Ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe, imelainika na kuchunika, na ilinuka kama jibini lililosahauliwa kabatini. Yeye mwenyewe kila alipouangalia alisikia kichefuchefu. Lakini Bibi angeuona, angempiga marufuku majini siku hiyohiyo, na Jumamosi yalikuwa mashindano ya kuogelea ya shule za mtaa. Emese ndiye aliyetegemewa katika timu. Kwa hiyo kila asubuhi aliuzungushia plasta pana. Alimwambia Zsombor kwamba amekatwa na kioo, na Zsombor, kwa uvivu wake wa kipindi cha hesabu, akaichora plasta ya siku ile nyota tatu za buluu kwa kalamu isiyofutika.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Baada ya kumaliza karatasi yake Emese alipita mlango wa nyuma, akakiruka kidimbwi, akaingia kwenye maji moto. Kando ya bwawa Mzee Ödön alikuwa akicheza sataranji kama kawaida yake, maji yakimfika kifuani, ubao umewekwa ukingoni. Alikuwa na tabia ya kugusa midomo kwa kete wakati anawaza. Farasi wake, mojawapo ya kete hizo, alikuwa ametumbukia majini. Mzee akampapasa chini ya maji, akampata, akamweka midomoni, akafumba macho kuwaza.

Kisha akafumbua macho. Kitu kilikuwa kimemganda mdomoni. Alikivuta kwa vidole viwili, akakitazama, uso ukamgeuka rangi.

"Plasta!" alinguruma. "Plasta ya mtu! Mdomoni mwangu! Ptu! Ptuu!"

Bwawa zima lilitoka mbio. Mtu mmoja alitapika palepale kwenye mfereji, wa pili alipomwona naye akamfuata. Emese alitazama mguu wake. Vidole vilikuwa wazi. Alivikunja haraka, akasimama nyuma ya nguzo.

Bwana Kornél, msimamizi wa bafu, alifika na wavu mkononi. "Nani? Nani mwenye uchafu huu?"

Mzee Ödön alinyoosha kidole. "Yule mama! Jana alikuwa na plasta kisiginoni, nimemwona kwa macho yangu. Leo hana!"

Alimwonyesha Bi Solveig, mama mzee kutoka Norwei, aliyetumwa na daktari wake aje kwenye maji yale kwa ajili ya nyonga yake. Alikuwa ametimiza siku kumi, bado sita. Bwana Kornél hakujua Kiingereza, naye Bi Solveig hakujua Kihungaria. Ikabidi Emese, aliyejifunza Kiingereza shuleni, aitwe kutafsiri.

"Mwambie ile yangu niliitoa asubuhi, hotelini," alisema Bi Solveig kwa upole. "Kidonda kimepona, aangalie mwenyewe. Na kila siku naoga kabla sijaingia."

Emese alitafsiri, hakupunguza neno.

"Wote husema hivyo," alisema Bwana Kornél. "Emese, wewe unashinda hapa. Umemwona akioga?"

Alimwona. Kila siku alimwona, na sabuni yake na brashi yake, akijisugua visigino mpaka vikawa vyekundu. Emese alikunja vidole vya mguu zaidi. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Sijamwona," alisema.

"Basi mwambie asirudi hapa tena."

Na Emese, kwa kinywa chake mwenyewe, akamwambia. Bi Solveig alimgeukia.

"Lakini jana nilipokuwa naoga ulinishikia taulo," alisema. Alisubiri. Emese hakuitafsiri sentensi hiyo. Mama wa watu akachukua fimbo yake, akaenda kuvaa, na waliokuwa wamesimama njiani wakasogea mbali naye kama mtu mwenye ukoma.

Bwawa lilitolewa maji yote. Bibi Piroska na wenzake walipiga magoti sakafuni wakisugua vigae kwa saa tatu, na Bibi alipoinuka alishika kiuno. "Wageni hawa!" alisema. "Mjukuu wangu, uliyoyaandika ni kweli tupu." Emese hakula chakula chake cha jioni.

Ijumaa Mwalimu Ilka alisoma karatasi ya Emese mbele ya darasa. Ilishinda. Wenzake walipiga makofi na kurudia kwa vicheko, "Kwapa nalo ni sehemu ya mwili!" Maneno yake mwenyewe, yakisomwa na mtu mwingine, yalimsikikia Emese kuwa na kiburi kibaya.

Mchana alikwenda bafuni na Zsombor. Mlangoni Bwana Kornél alikuwa ametundika mfuko angavu wa plastiki, na plasta ile ndani yake, imevimba, imekunjamana. Chini aliandika: HII ILITOKA MDOMONI MWA MTEJA WETU. WAGENI, KUWENI WASTAARABU.

Zsombor alisogeza pua karibu kwa udadisi. Kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Emese. Hizo ni nyota zangu."

Emese aliuficha mguu wake wa kulia nyuma ya ule wa kushoto.

"Ni yako! Na hukukatwa na kioo, kuna vinyama vyeupe hapo. Una fangasi! Kinyaa kitupu! Na yule mama wakamfukuza wewe ukitazama?"

"Zsombor, tafadhali, mashindano ni kesho…"

"Usinishike!" Zsombor alivuta mkono wake. Hakutishia kusema. Alimtazama tu jinsi Emese alivyozoea kuwatazama wakata kucha, akaingia ndani peke yake.

Emese aligeuka. Ng'ambo, kwenye benchi la kituo cha tramu, aliketi Bi Solveig na koti lake. Alikuwa amekuja kuomba tena, akarudishwa mlangoni. Tramu ilifika. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena, akauma meno, akashindwa. Tramu ikafunga milango, ikaenda zake. Yeye akabaki ameshika nyonga.

Emese hakuweza kuvumilia tena. Alisukuma mlango, akaingia ukumbini. Bibi Piroska alikuwepo, Bwana Kornél alikuwepo, na Mzee Ödön alikuwa akinunua tiketi. Emese aliketi sakafuni, akavua kiatu, akavua soksi.

"Plasta ni yangu," alisema. "Bi Solveig anaoga kila siku. Mimi ndiye nisiyeoga. Nimedanganya."

Harufu ilifika kabla hajamaliza. Bwana Kornél alirudi nyuma akiziba pua.

"Mungu wangu!" Mzee Ödön alijifuta midomo kwa mkono, kisha kwa kitambaa, kisha kwa ukosi wa shati. "Ni huo? Huo ndio ulikuwa mdomoni mwangu?"

Bibi Piroska hakupiga kelele. Uso wake ulijikunja kwa kinyaa, na Emese, aliyewahi kumwona Bibi akizoa kila aina ya uchafu bila kukunja uso, alitamani ardhi ipasuke immeze. "Vaa ndala," Bibi alisema. "Ukatafsiri."

Bwana Kornél aling'oa mfuko ule mlangoni kwa hasira, akavuka barabara mwenyewe. Emese alimfuata. Pale kwenye benchi msimamizi aliomba radhi, na Emese akatafsiri kila neno, pamoja na yale yaliyomhusu: kwamba mwenye plasta ni msichana huyu, na kwamba msichana huyu alisema uongo. Mwisho akaongeza yake, akianza na salamu ya heshima ambayo watoto wa Budapest huwapa wazee. "Nabusu mkono wako, Bi Solveig. Nisamehe."

Bi Solveig aliutazama mguu wa Emese, akakunja pua. "Huo ni mbaya," alisema. "Msamaha wako nimeusikia, nitaufikiria. Sasa nataka maji, nyonga inaniuma." Akamshika Bwana Kornél mkono, wakavuka pamoja. Bafuni aliongezewa siku mbili bila malipo kufidia usumbufu uliompata.

Emese alimpigia simu kocha, akamwambia hataogelea, na kwa nini. Kocha akasema timu itampanga mwingine, na kwamba bila yeye huenda ikashindwa. Karatasi ya ushauri Emese alipanga kumwomba Mwalimu Ilka amrudishie Jumatatu, isitundikwe. Alitaka kuanza upya, na safari hii asiandike kana kwamba uchafu unakuja kwa ndege.

Kwenye chumba cha wafanyakazi Bibi Piroska alimketisha, akajaza beseni maji na sabuni, akavaa glavu. Aliosha katikati ya vidole, akakausha, akapaka dawa.

"Asubuhi na jioni, wiki tatu. Majini hukanyagi," alisema.

"Bibi, unanionea kinyaa?"

"Ndiyo." Bibi hakuinua kichwa. "Mguu huu utapona. Fangasi humpata yeyote, hawachagui pasipoti. Ungenionyesha siku ya kwanza ningekupaka dawa tukacheka. Lakini ulificha ugonjwa ukawaingiza wenzako hatarini, halafu ukamvisha mama wa watu aibu yako mbele ya umati, kwa sababu yeye ni mgeni na hana wa kumtetea. Yule anayekata kucha ukingoni pengine hakufundishwa. Wewe ulifundishwa, Emese. Uliandika mpaka ushauri."

Machozi yalimdondoka Emese. Bibi alimwacha alie. Alipomaliza alimpa soksi safi, akavua glavu na kuzitupa kwenye pipa.

"Usafi unaanza na mwili wako," alisema, "na ukikosea, unaendelea na ulimi wako. Sema mapema. Ukichelewa, uchafu wako unaishia mdomoni mwa mtu mwingine."

Emese alivaa soksi, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.