Mwisho Ambao Noelia Hakumwonyesha Mtu

Mzee Porfirio, mfagizi wa shule ya ufundi mjini Encarnación, alimkuta Noelia Galeano chini ya ngazi za nyuma saa moja kasorobo asubuhi. Msichana alikuwa na fahamu zake, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono wa mtu haupindi. Juu, katika chumba cha kompyuta, mashine moja ilikuwa imebamizwa sakafuni mpaka matumbo yake yakamwagika. Ndiyo iliyokuwa na mchezo ambao shule nzima ingeucheza saa nne.

Inspekta Zunilda Ayala alifika gari la wagonjwa likiwa limeshaondoka. Mwalimu Estela, msimamizi wa chumba cha kompyuta, alimweleza. Mchezo aliutunga Noelia. Ndani yake kuna msichana, Arami, na mpenzi anayemtumia ujumbe usiokwisha: uko na nani, nitumie picha nione, nipe namba ya siri. Anayecheza ndiye anayemchagulia Arami majibu, na kila jibu lina matokeo yake, ingawa mwisho ni mmoja.

"Tulitaka watoto wazione dalili mapema, afande. Kabla hawajapigwa."

"Nani hakuutaka?"

"Derlis, wa darasa lake. Sauti ya huyo mpenzi ni yake. Wenzake wakaanza kumwita mpiga wanawake. Jana aliapa ataivunja hiyo kompyuta."

Katika chumba cha kompyuta, chini ya meza, palikuwa na kofia nyekundu. Zunilda aliigeuza. Ndani iliandikwa jina: Derlis.

Kijana aliletwa akiwa amevimba kwa hasira.

"Nilisema, ndiyo! Mtu akikasirika husema mangapi?"

"Na kofia?"

"Niliisahau jana tukirekodi. Hedifoni haikai juu ya kofia."

"Saa kumi na mbili na nusu leo ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Peke yangu." Alishusha macho. "Afande, mama yangu kapigwa mbele yangu miaka na miaka. Unadhani ile sauti niliitoa wapi?"

Zunilda alimwacha akae na mwalimu, akaenda hospitali.

Kando ya kitanda cha Noelia alikaa Alcides, mpenzi wake, nywele zimechanwa vizuri, shati limepigwa pasi. Alisimama kwa heshima.

"Ameteleza, afande. Ngazi zilikuwa na maji."

"Namuuliza yeye."

Noelia alimtazama Alcides kwanza. "Nimeteleza."

"Na kompyuta nayo imeteleza?"

"Hiyo muulize Derlis," Alcides akadakia. "Mimi nimefika shuleni saa moja na nusu, nikakuta gari la wagonjwa linaondoka."

Katika mfuko wa shati lake mlikuwa na simu mbili. Moja ilikuwa na kava la maua ya zambarau. Zunilda aliitazama, kisha akamtazama Noelia, asiye na simu.

"Kijana, niitie nesi."

Alcides alitoka akigeuka nyuma mara kwa mara. Mlango ulipofungwa, Zunilda aliinama.

"Sikuulizi umeangukaje, mwanangu. Niambie tu mchezo unaishaje."

"Mwanzoni Arami alikuwa anamsamehe. Leo nimebadilisha. Anaweka simu mezani, anatoka, anafunga mlango."

"Nani ameuona au kuusikia mwisho huo?"

"Sijamwonyesha wala kumwambia mtu, hata mwalimu. Nimeingia saa kumi na mbili nikaumaliza peke yangu."

Alcides aliporudi na nesi, Zunilda hakumpa nafasi ya kukaa. "Twende shuleni, mimi na wewe. Nataka wewe na Derlis mnionyeshe huo mchezo."

Mwalimu Estela alikuwa na nakala ya jana, yenye mwisho wa zamani. Wavulana wawili wakakalishwa mbele ya mashine nyingine, feni ikizungusha hewa ya moto.

Derlis alicheza kwanza. Kila Arami alipotukanwa, alijikunyata kana kwamba anatukanwa yeye. Arami aliposamehe, Derlis aliipiga meza kofi.

"Toka, mjinga we! Toka!"

Zamu ya Alcides ilipofika, alichagua haraka haraka. Picha, akatuma. Namba ya siri, akatoa.

"Eti unampa tu?" Derlis akaguna.

"Kama hana la kuficha, shida iko wapi?"

Arami akafika mwisho. Akamkumbatia mpenzi wake, kioo kikawa cheusi. Mkono wa Alcides ulibaki juu ya vitufe.

"Huu siyo wenyewe," alisema.

"Siyo wenyewe vipi?"

"Si anaiacha simu mezani, anaondoka?"

Mwalimu Estela aliziba mdomo kwa kiganja. Zunilda alikivuta kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia ya kijana.

"Nani kakuambia?"

"Noelia. Jana."

"Jana alikuwa hajautunga. Ameumaliza leo alfajiri, kwenye mashine iliyovunjwa."

"Basi... ameniambia hospitali."

"Hospitali aliniambia hajamwonyesha wala kumwambia mtu, na uliporudi nikatoka nawe. Mwisho ule umeonekana sehemu moja tu, Alcides. Na wewe unasema ulikuwa hujafika."

Ile adabu ikamdondoka usoni.

"Aliweka maneno yangu!" alifoka. "Jumbe zangu, neno kwa neno, shule nzima isikie! Nikamwambia afute. Akasema hafuti, na mimi na yeye basi. Nilimshika mkono tu!"

"Ukaushika mpaka ukavunjika."

Derlis alikuwa amemkodolea macho. "Kumbe siku zote nilikuwa nakuigiza wewe," alisema taratibu.

Jioni, aliposikia Alcides amewekwa ndani, Noelia alisema yote bila kumtazama mtu. Alikuwa amepanga kumwacha saa nne, ukumbini, kwa sababu mbele za watu Alcides hakuwahi kupandisha sauti. Lakini alfajiri ile Alcides alimfuata, akausoma mwisho juu ya bega lake, akaibamiza mashine. Noelia alikimbilia ngazi. Hapo akamkamata mkono, akausokota, akamsukuma.

Wiki iliyofuata mchezo ulionyeshwa, Noelia akiwa na plasta mkononi. Zunilda alisimama nyuma ya ukumbi. Watu walipoanza kutoka, msichana wa mwaka wa kwanza alimsogelea, akijifanya anatafuta kitu kwenye begi.

"Afande, kama hakupigi... ila ukichelewa kumjibu anasema atajiua. Hiyo nayo inahesabika?"

Zunilda aliangalia mlangoni, ambako mvulana mrefu alikuwa amesimama akisubiri. Akasogea, akasimama katikati yao.

"Inahesabika, mwanangu," alisema. "Kaa hapa. Leo utarudi nyumbani na mimi."