Kilo za Mama Fundi

Cherehani ya Mama Fundi ilikuwa inanguruma tangu alfajiri. Binti yake alisimama mlangoni, mkoba begani, roho juu.

"Mama, tutachelewa hospitali!"

"Nakuja. Nabana hili gauni kidogo tu."

Gauni lilikuwa lake mwenyewe. Mama Fundi alikuwa anakonda, na kila nguo ilipompwaya aliibana kimyakimya ili binti yake asigundue. Na kweli, binti hakugundua.

Daktari alikuwa amegusa uvimbe tumboni mwa Mama Fundi. Alitaka picha ya CT scan iliyo wazi, ajue kama uvimbe huo unaweza kuondolewa.

Katika chumba cha picha, binti alikaa, akainuka, akakaa tena. Mpiga picha, dada mmoja mchangamfu, akauliza, "Mama, una kilo ngapi?"

"Themanini," Mama Fundi alijibu upesi.

Dada akamtazama juu mpaka chini. "Mizani ile pale. Vua viatu, mama yangu."

"Mwanangu, mimi kutwa napima watu. Mwili wangu naujua."

"Sasa mteja akija, unakata kitambaa kwa vipimo vyake vya zamani?"

Mama Fundi akaitazama mizani.

"Tutakuchoma dawa kwenye mshipa," dada akaeleza. "Dawa hiyo inafanya viungo na mishipa ya damu ionekane vizuri kwenye picha. Kiasi chake tunakipanga kwa uzito. Ikipungua, picha inafifia. Ikizidi, figo zinabebeshwa mzigo wa bure. Na kipimo chako cha damu kinaonyesha figo zimeanza kuchoka."

Mama Fundi akapanda mizani. Mshale ukasimama kwenye hamsini na nane.

"Mama!" Binti alipiga kelele. "Kilo zote hizo zimekwenda wapi?"

"Sikutaka ukose usingizi."

"Kwani nalala?" Binti akalia kwa hasira.

Dada akapanga dawa kwa uzito huo, kidogo kuliko ya kilo themanini. Akauliza kama kuna dawa yoyote iliyowahi kumwasha au kumvimbisha. Hakuna. Akachagua mshipa mnene karibu na kiwiko, kwa sababu pampu husukuma dawa kwa kasi, na mshipa mwembamba unaweza kupasuka.

"Utasikia joto mwili mzima, mpaka udhani umejikojolea. Ni kawaida. Mkono ukiuma, sema hapohapo. Nikisema zuia pumzi, zuia na utulie."

"Nikijikojolea kweli, shuka utafua wewe."

"Nitafua, mama."

Baadaye daktari aliwaonyesha picha. Uvimbe ulionekana wazi, na mishipa iliyo jirani nao ilionekana.

"Haujashika mshipa mkubwa," alisema. "Tutauondoa."

Nje, binti alifuta macho. "Mama, kuanzia leo jambo lolote la mwili wako niambie mimi. Usinifiche tena."

Mama Fundi akamgeukia.

"Basi nakuambia. Naogopa kupasuliwa."

Binti akamshika mkono. "Mimi pia, Mama. Naogopa sana."

Wakaenda pamoja kwenye dirisha la mapokezi kuuliza tarehe ya upasuaji.