Fomu Kumi na Mbili za Leatha

"Usinizungushe, Leatha! Mkono wa kulia wa Mzee Hobart ulisagwa mgodini kabla wewe hujazaliwa. Huweka alama ya msalaba tu. Leo ametia sahihi ya jina zima?"

Mama aliinua fomu moja. Leatha alitazama viatu vyake. Kila siku akitoka shule alifanyia mazoezi yake ya shule hapa, katika ofisi ya mama yake, nesi mkuu wa kliniki ya bondeni. Wiki iliyopita alikuwa ametumwa nyumba kumi na mbili kuwasomea wagonjwa maswali na kuandika majibu yao. Hakufika hata moja. Fomu zote alizijazia ndani ya basi la shule, akazitia sahihi mwenyewe.

"Njia ya kijitoni ina tope, Mama. Na yule mbwa wa Mzee Hobart..."

"Mbwa hana meno yule!"

Kliniki ilikuwa inatafuta cheti cha kuwa makao ya wagonjwa, yaani mahali ambapo mgonjwa hufuatiliwa hata akiwa kwake na huulizwa maoni yake. Bila cheti, nesi wa pili angeondolewa. Faili lilitakiwa kwa wakaguzi leo hii.

Mama aligonga fomu kwa kidole. "Swali la nne: 'Ulipigiwa simu ukapewa majibu ya kipimo?' Umeweka ndiyo. Kwa ndiyo yako nikamfuta kwenye orodha ya simu. Picha ya mapafu yake ina doa, Leatha. Wiki nzima imelala hapa, mwenyewe hajui."

Leatha aliitazama ile fomu. "Nilidhani ni karatasi tu."

Mama aliinua simu, akawapigia wakaguzi. "Faili haliji leo. Fomu kumi na mbili ni za uongo... Ndiyo, najua leo ndiyo mwisho." Alisikiliza, akakata. "Wametupa siku tano, na alama mbaya juu yake. Chukua fomu mpya. Twende."

Walimkuta Mzee Hobart barazani, akihema kama aliyepanda mlima. Leatha alimweleza yote, akampa ile fomu ya uongo. Mzee aliisoma fomu yake.

"Kumbe nimeridhika hivi!" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. "Binti, nilikuwa nakaa karibu na simu kila siku. Nikasema, kimya ni heri."

"Nisamehe, mzee."

"Nitakusamehe nikipona. Sasa andika: sikupigiwa."

Leatha aliandika. Mama alimshika mzee mkono, akamweleza kuhusu lile doa polepole, kisha akamwingiza garini ampeleke kwa daktari. Kabla ya kuwasha gari alimgeukia bintiye.

"Mgonjwa akiniambia hapana, nakimbia. Ukiniandikia ndiyo ya uongo, nakaa. Na mtu anaweza kufa mimi nimekaa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Zimebaki kumi na moja."

Gari liliondoka. Leatha alikunja suruali hadi magotini, akashuka kwenye tope, akagonga mlango wa jirani.