Maua ya Upande wa Ndani

"Huu ujumbe maana yake nini?"

Cheche alisimama mlango wa jikoni, simu ya mkewe mkononi. Mkewe aliacha kumenya viazi.

"Siku hizi unapekua simu yangu?"

"Nimeona jina la bosi wangu. Nikajiuliza, ana shida gani na wewe?" Akasoma kwa sauti: "Shemeji, leo nimemruhusu arudie maua yake. Nimelitunza ombi lako miezi mitatu, sasa limenishinda. Mumeo amekuwa kama gogo."

Njia ya mwongo fupi, jamani.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Kila alipomaliza geti, alibaki karakanani masaa mawili, akakunja vipande vya nondo kuwa ua, akalichomelea upande wa ndani ambako mpita njia halioni. Hakuna mteja aliyemwomba. Halafu siku moja bosi akamkataza, bila sababu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi." Machozi yalimlengalenga. "Ulikuwa unarudi giza limeingia, hoi. Nikamwomba akukataze. Nilivionea wivu vyuma, mume wangu! Nilitaka uwahi nyumbani."

"Nimewahi?"

"Umewahi."

Aliwahi kweli. Saa kumi na moja jioni yuko kwenye kochi, anatazama ukuta. Ungemwambia nyumba inaungua, angekuitikia tu "mm". Mkewe alikuwa amempata mume mzima mzima, na hakuwa na wa kuongea naye.

"Mbona hukuniambia mwenyewe?"

"Ningekuambia ungeacha?"

"Ningekueleza." Akakaa kwenye kigoda. "Mtu anatoka kwake asubuhi, anakwenda kuhangaika na dunia. Cha mwisho kukiona ni geti lake. Nilitaka aone kitu ambacho aliyekifanya hakulazimishwa. Na mimi, mke wangu, kutwa nakata nilivyoambiwa, napima nilivyoambiwa. Yale masaa mawili ndiyo nilikuwa mimi."

"Basi si amekuruhusu! Anza kesho!"

"Nimeanza leo."

"Ehe?"

"Nimekunja nondo tano. Zote zimetoka nondo zilizopinda, basi."

"Utajaribu tena. Mkono umelala tu, utaamka."

"Nimejaribu mpaka wenzangu wameona haya kunitazama. Mkono unajua kazi. Mimi ndiye sioni tena cha kutengeneza."

Mkewe akapiga magoti pale pale kwenye maganda. "Nisamehe, baba. Nilikupenda vibaya."

"Nimekusamehe."

Alilisema upesi mno. Mkewe alitamani amtukane, avunje hata sahani.

"Unaniacha, sivyo? Niambie tu."

"Nikuache niende wapi?" Cheche akamrudishia simu, taratibu, bila hasira. "Saa kumi na moja nitakuwa hapa. Kesho, keshokutwa, mpaka tuzeeke. Kama ulivyoomba."

Mkewe akaangua kilio, na mumewe akabaki amekaa, akingoja amalize.