Roboti ya Maricruz

Roboti zote za Fermín Arriaga zilikuwa zimegeukia ukuta, zote isipokuwa moja.

Kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Fermín alisimama mbele ya kioo, mfuko wa mkate wa wafu, ule uokwao siku za kuwakumbuka marehemu, mkononi, akitazama ile migongo ya plastiki iliyojipanga kama wanafunzi waliopewa adhabu. Nje, kengele za kanisa zilikuwa ndiyo kwanza zimemaliza kulia adhuhuri.

"Nieves! Umegusa kabati langu?"

"Niguse takataka zako nipate nini?" mkewe alijibu kutoka jikoni, chini. "Mimi nina mchuzi motoni. Na hayo maziwa uliyomwaga huko juu uyafute, yananukia mpaka huku."

Hakuna aliyemwaga maziwa. Lakini harufu ilikuwepo kweli: maziwa ya moto yenye mdalasini, na chini yake harufu ya spiriti, ile wanayopakwa watoto wenye homa. Roboti moja peke yake ilikuwa inamtazama Fermín, na Fermín aliinamisha macho kabla yake.

Wapo watu wanaokusanya roboti za kale za bati zilizotoka Japani, na hao mtu unawaelewa. Fermín na wenzake wa soko la vikorokoro la Portales walikuwa na kichaa cha aina yao: walikusanya bandia zake. Zamani mafundi wa vichochoroni walinunua roboti moja halisi, wakaitolea kalibu, kisha wakamimina za plastiki kwa rangi yoyote iliyobaki kwenye ndoo. Kadiri bandia ilivyokosewa, ndivyo wendawazimu hawa walivyoigombania. Na hii iliyomtazama ilikuwa imekosewa vizuri mno. Fundi aliishiwa na viwiliwili, akachomeka kichwa cha roboti juu ya mwili wa mpiga mieleka, na kaptula yake na buti zake za kamba, upande mmoja kijani, upande mwingine waridi. Sokoni ilikuwa ikisimuliwa tu. Hakuna aliyewahi kuishika.

Fermín aliikuta kwenye meza ya mtoto aliyekufa.

Bi Eulalia alikuwa mama yake wa ubatizo. Binti yake wa pekee, Maricruz, alikufa kwa homa kabla hajaanza shule. Angekuwa hai, angelingana na Fermín. Kila mwaka mama huyo humpangia meza: picha, mishumaa, maua ya manjano yaliyomwagwa kutoka mlangoni ili mtoto asipotee njia. Wafu wadogo hutangulia wakubwa. Huingia kengele za adhuhuri zikilia siku ya mwisho ya Oktoba, na adhuhuri inayofuata huondoka. Bi Eulalia aliishi mwaka mzima akiingoja siku hiyo moja.

Miaka mingine Fermín hufika kula na kuaga. Mwaka huu macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu, akamwomba apande kiti amtundikie karatasi za mapambo. Kutoka juu ya kiti Fermín akaona kilichokuwa kimelazwa nyuma ya picha.

Hakuiba, alijiambia. Kesho yake alirudi na roboti halisi ya Kijapani, ya bati, ingali inatembea, akailaza pale pale, na ile ya plastiki akatoka nayo ndani ya kofia. Muuza duka yeyote angeapa kwamba bibi amepata faida. Fermín alijua kabisa kwamba anajidanganya. Mlangoni Bi Eulalia alimshika kichwa kwa mikono miwili akambariki kwenye paji la uso, naye akakaza kofia kifuani, akaipokea baraka hiyo.

Sasa alifungua kabati na kugeuza roboti zake, moja moja. Alipofika ya mwisho alisikia nyuma yake miguu mitupu ikikimbia juu ya vigae, midogo, yenye haraka, kisha kimya.

Nieves alitokea ngazini na mwiko. "Fermín," alisema kwa kunong'ona, "nani kaleta mtoto humu ndani?"

"Mtoto gani?"

"Usinifanye mjinga. Kanipita mlangoni pa jikoni. Nimeona upepo wa gauni."

Kwenye kila kipandio cha ngazi kulikuwa na petali moja ya manjano, imelowa.

Jioni simu ililia.

"Mwanangu," Bi Eulalia alisema, sauti chini. "Hajaja."

"Nani, Mama?"

"Usiniulize nani. Kila mwaka mwali wa mshumaa wake huinama kengele zikilia tu. Leo umesimama wima mpaka sasa. Nimemkosea nini, Fermín? Niambie wewe, mimi siku hizi sioni vizuri. Maua nimeyamwaga vibaya?"

"Hujakosea kitu, Mama."

"Basi kwa nini?"

Fermín alifungua kinywa, na hapo hapo, huko juu, mtoto akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kuvuta, chenye mluzi mwishoni.

Upande wa pili Bi Eulalia alisogeza simu sikioni. Kisha akauliza polepole, "Nani huyo anakohoa?"

"Redio, Mama," Fermín alisema. Akakata simu, akakaa na kuuchukia mkono wake.

Usiku ule hawakulala. Kila walipofumba macho kikohozi kilisogea, kutoka kabatini mpaka koridoni, kutoka koridoni mpaka kizingitini, na Fermín alikuwa kitandani ameuma shuka, akijua kwamba yule mtoto hakuwa anamtisha mtu, alikuwa anatafuta tu, akipapasa kuta za nyumba asiyoijua, akimwita mama yake kwa sauti ya chini ya mtoto aliyefundishwa asisumbue watu, na kila alipoita hakuna aliyeitika.

Asubuhi Nieves alimleta Bi Tecla, mganga wa mtaa, na mafungu yake ya majani. Mganga alimpitishia Fermín yai mwili mzima ili linyonye ubaya, akalipasulia kwenye glasi ya maji, akatazama. Akaiweka glasi chini bila kumaliza dua.

"Nilidhani nimeitiwa jini," alisema. "Jini ningelitoa. Huyu ni mtoto wa watu. Kafuata kitu chake, kaingia nyumba siyo. Nikimfukuza mimi, aende wapi?"

"Kitu gani?" Nieves aliuliza. Akamgeukia mumewe, akaiona sura yake. "Ee Mungu wangu. Umemwibia maiti. Fermín, umemwibia mtoto!"

"Niliacha nyingine. Bora zaidi."

"Bora kwa nani?"

"Gombaneni baadaye," Bi Tecla alisema. "Kengele za adhuhuri zikilia ndiyo njia inafungwa. Na mzazi wake tu ndiye wa kumwambia aende. Mleteni."

Fermín alimkuta Bi Eulalia amekaa mbele ya meza, na nguo zile zile za jana. Alipiga magoti akasema yote, kofia mkononi, bila kupamba. Bibi hakumlaani. Alipapasa nyuma ya picha mpaka vidole vikagusa lile bati, akavirudisha haraka.

"Kitu cha baridi hivi ndicho ulichomwekea mwanangu?"

"Nisamehe, Mama."

"Kile kikohozi cha kwenye simu."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ukaniambia redio." Alijifunga shali. "Nipeleke."

Alizipanda ngazi kwa kuushika ukuta, akaketi sakafuni mbele ya kabati, akaipakata ile roboti na kaptula yake ya mieleka. Hakuita kwa nguvu. Alisema tu, "Mama yuko hapa," na wote watatu waliosimama mlangoni wakaona shali mapajani mwake likibonyea taratibu, likibonyea kama godoro linavyobonyea mtu akipanda, mpaka mikono ya bibi ikainuka yenyewe, ikazunguka kitu ambacho wao hawakukiona, ikaanza kukibembeleza, huku kile kikohozi kikipungua na kupungua hadi pumzi peke yake ikabaki, pumzi ya mtoto anayetaka kulala.

Nieves alilia waziwazi. Fermín hakuthubutu kulia.

Kengele ya kwanza ililia.

"Bi Eulalia," mganga alinong'ona. "Mwambie aende. Mwambie sasa."

Bibi aliendelea kubembeleza.

"Bi Eulalia! Akibaki hatakuwa Maricruz tena. Atasahau jina. Itabaki njaa tu, nakwambia, njaa isiyoshiba!"

"Kila mwaka nilimwachia," Bi Eulalia alisema kwa utulivu. "Kila mwaka nikasema nenda, mwakani utarudi. Nikafunga mlango nikalala na ukuta. Hakuna aliyeniambia kwamba anaweza kuzuiwa." Akamgeuzia Fermín yale macho yenye ukungu. "Wewe ndiye uliyenifundisha, mwanangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kengele zililia mpaka zikaisha, na bibi hakusema lile neno.

Bi Tecla alikusanya majani yake akashuka bila kudai ujira, akijifanyia ishara ya msalaba kila kipandio. Nieves alimfuata. Fermín alimsikia mkewe akivuta sanduku la safari kutoka chini ya kitanda.

"Mna chumba kinachopata jua?" Bi Eulalia aliuliza.

Angeweza kukataa. Nyumba ilikuwa yake. Lakini aliitazama mikono ya bibi iliyokuwa ingali inabembeleza.

"Kipo, Mama."

"Basi tutakaa humo." Aliinamisha sikio kwenye shali, akasikiliza, akatabasamu. "Anauliza wewe ni nani. Nimemwambia ni kaka yake, wa ubatizo, atamtunza mimi nikifa. Mpe mkono basi, Fermín. Anakungoja."

Fermín alinyoosha mkono. Vidole vidogo, vya moto, viliingia kiganjani mwake vikashika, na vikazidi kushika, kwa nguvu ambayo mtoto hana. Maumivu yalimpanda mpaka begani. Hakuuvuta mkono wake. Angeuvuta kwa haki gani?