Rubli ya Kizingitini

Kwanza mkate ulibadilika ladha. Norbibi aliutoa mwenyewe tanurini asubuhi, unga uleule, ufuta uleule, akamega kipande, akakitemea kiganjani.

"Baba Robiya, hebu onja. Mbona una ladha ya chuma?"

Mumewe Sotvoldi alitafuna na kumeza kwa shida. "Hayo ni meno yako ya bandia, mama. Mimi sioni kitu."

Alikuwa anaona, ila alijua kikisemwa kitamfikisha wapi.

Mzee huyu, fundi wa zamani wa tramu hapa Tashkent, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni pesa za Kisovieti. Si za kutumia. Noti zilizochujuka, kopeki nyeusi, rubli zenye nyundo na mundu, zote kazipanga kwenye albamu, kila moja na kifuko chake. Wenzake wa soko la Jumapili walimcheka kwamba sarafu amezifuta vumbi zaidi kuliko alivyowahi kuwafuta wanawe pua. Kifuko kimoja kilikuwa kitupu tangu ujana wake. Kilingoja rubli ya mwaka hamsini na nane, ambayo ilipigwa kiwandani, kisha serikali ikabadili nia na kuziyeyusha, zikaponyoka chache. Watu wa kukusanya vitu ndivyo walivyo: albamu nzima haiwafurahishi, pengo moja linawanyima usingizi.

Wiki ile mtaa wa jirani ulikuwa unabomolewa kupisha barabara. Wakusanyaji huwahi kabla ya tingatinga, kwani wazee wetu walizoea kuficha pesa chini ya sakafu. Sakafuni Sotvoldi hakupata kitu. Lakini kwenye kizingiti cha mlango alikuta tundu limezibwa kwa nta nyeusi, na msumari wa kwato za farasi umepigiliwa juu yake. Aliyelelewa mitaa hii hahitaji kuelezwa. Mganga akimtoa jini kwa mgonjwa humfunga kwenye sarafu, sarafu ikazikwa kizingitini, na msumari ndio kufuli. Hata nyumba ya mama yake ilikuwa nayo. Sotvoldi akachokonoa nta kwa ukucha, aone tu ni sarafu gani. Mwaka ulikuwa hamsini na nane. Akaenda kutafuta koleo.

Robiya, kitinda mimba wao, ndiye aliyesikia wa kwanza. Alikuwa msichana wa maneno mengi, harusi yake ikisubiri vuli, na alikuwa akimtania babake kuhusu ukubwa wa tumbo lake ndani ya suti ya harusi, mara akatega sikio.

"Baba, nani anazungusha sarafu?"

"Wapi?"

"Sakafuni. Inazunguka, haianguki." Akapunguza sauti. "Ipo chini yangu."

Jioni wote waliisikia. Mlio mwembamba wa sarafu iliyosukumwa kwa kidole juu ya meza, ule ambao mtu husubiri ulale ili apumue, nao haulali. Ukihamia jikoni, uko jikoni. Ukifunika masikio, umo masikioni. Robiya akaacha kula, kisha akaacha kusema, na ngozi yake ikawa baridi katikati ya joto lile la Julai linalopasua midomo, na kila alipopumua chumba kilijaa harufu ya vyuma vilivyoloa, mpaka Norbibi, aliyemweka mtoto huyu kifuani siku zote za maisha yake, akajikuta anaogopa kumkumbatia, akalia kwa aibu ya woga wake mlangoni, huku mlio ule ukizunguka polepole sasa, ukiyumba, kama sarafu iliyo karibu kuanguka.

Wakamwita Bibi Hosiyat. Mganga huyu ni mzee, macho yake yameingia ukungu, akashikwa mkono hadi kitandani. Aliweka kiganja kwenye paji la Robiya.

"Nani kang'oa msumari?"

Sotvoldi akarudi hatua moja nyuma.

"Siulizi nilaumu, mwanangu Sotvoldi. Nataka sarafu ileile, si nyingine. Nitamrudisha humo, tumzike kwenye kizingiti chenu. Lakini jini aliyetoroka hurudishwa kwa msumari mara moja tu. Tukikosea leo, atakayefungwa ni huyu mtoto, na hatoki tena."

"Nenda, Baba Robiya," alinong'ona Norbibi. "Nakuomba. Nenda uilete."

Sotvoldi akaenda chumbani, akafungua albamu. Rubli ya hamsini na nane ilikaa kifukoni mwake, na pembeni yake ile ya mwaka sitini na moja, ya kawaida, mji mzima unayo. Ukubwa ule, nembo ile, tofauti ni mwaka tu. Akaitoa moja. Akairudisha. Akasimama pale muda mrefu kuliko baba anavyopaswa kusimama.

"Jini gani huyo wa kusoma mwaka," akajisemea.

Akapeleka ya sitini na moja.

Bibi Hosiyat alisoma dua, akapiga nyundo. Msumari ulipozama, mlio ukakatika. Robiya akavuta pumzi ndefu, akaomba chai. Norbibi alimwangukia mwanawe akimbusu mikono, na Sotvoldi naye alilia, tena machozi ya kweli, maana alimpenda binti yake na sasa alikuwa navyo vyote viwili.

Norbibi akatoka kumsindikiza mganga hadi lango.

"Baba," alisema Robiya, kwa sauti yake ileile ya utani. "Njoo karibu."

Akasogea. Msichana akamshika mkono, nao mkono wake ulikuwa baridi.

"Nilikuwa nakutazama ulipofungua albamu. Uliishika moja, ukaishika nyingine. Binti yako alikuwa ananicheka. Alisema, subiri uone, baba yangu ataleta ya kweli. Alikuwa na hakika nawe, maskini, hadi nyundo ya mwisho."

"Robiya..."

"Huyo hasikii tena. Asante kwa kunichagua mimi."

Nyayo za Norbibi zilisikika uani. Msichana akapangusa uso, akatabasamu vizuri sana. Mama akaingia na birika, macho yamevimba, anacheka peke yake.

"Mbona umeduwaa?" alimwambia mumewe. "Mtoto karudi. Sema basi alhamdulillahi."

Sotvoldi akawatazama wote wawili. Akasema alhamdulillahi.